Tusiwaache Getini: hotuba yangu kwenye mahafali ya vijana wa chuo cha hoteli, Bwejuu, Zanzibar

Kwa wale ambao hamkuweza kufika jana, na najua wengi mlikuwa shifti, hii hapa hotuba nzima. Nimeiandika kama nilivyoisema, majina ya watu tu ndo nimeyatoa.

Assalamu alaykum warahmatullah. Wazazi wangu hamjambo? Sheha wetu, shikamoo. Mameneja mliotoka Paje, Michamvi na Kizimkazi mkaziacha hoteli zenu siku ya Jumamosi, ahsanteni sana, karibuni. Na nyinyi wanangu 34 mliokaa mbele hapa na mashati meupe, nawaona, na nimefurahi mpaka sijui niseme nini.

Mimi ni mtu wa hauskipingi, usafi wa vyumba. Nimefanya kazi ya hoteli miaka 26, nimeanza kutandika vitanda, nikawa supavaiza, nikawa mkuu wa hauskipingi, saivi nafundisha na kazi yangu kubwa ni kuwatafutia hawa watoto kazi na kuwafuatilia wakishaingia. Kwahiyo hotuba yangu nzima ni swali moja tu nimekuja kuwauliza. Leo tunagawa vyeti, tutapiga vigelegele, tutapiga picha. Kesho asubuhi hicho cheti kinakwenda wapi? Nani anakwenda nacho?

Ngoja niwasimulie siku yangu ya kwanza kazini. Sikuwa nimesoma chuo chochote. Nilipewa toroli, funguo, na vyumba kumi na mbili. Nikasema alhamdulillah, kutandika kitanda kwani nini, nyumbani natandika tangu nna miaka saba. Supavaiza akaingia chumba cha kwanza, akaangalia, akaivuta shuka yote akaitupa chini. Hakusema neno. Nikatandika tena. Akavuta tena. Mara ya nne nikaenda stoo ya mashuka nikafunga mlango nikalia, na nilishaamua nikitoka pale ni nyumbani moja kwa moja.

Aliyenikuta mle ndani ni mama mmoja wa Tanga, mtu mzima, alikuwa dobi. Akaniambia nyamaza mwanangu, shifti ikiisha usiondoke. Saa 10 jioni akanipeleka kwenye chumba kilichokuwa kitupu akanionesha. Shuka unaichomeka kwanza upande wa miguuni. Halafu unashika pale pembeni kama dhiraa moja kutoka kwenye kona, unainyanyua unailaza juu ya godoro, itatokea pembe tatu. Ile iliyobaki inaning'inia chini unaichomeka. Ukimaliza unaishusha ile pembe tatu, unaichomeka nayo, unapitisha kiganja. Kona inakaa kama bahasha. Nikafanya mara moja ikaharibika, mara ya pili ikaharibika, mara ya tano akaniambia haya, ya kesho hiyo. Na kesho akaja tena. Wiki nzima yule mama anamaliza kazi yake ya kufua tangu alfajiri, halafu anapanda ngazi kuja kuniangalia mimi, na hakuna aliyemlipa senti kwa hilo.

Akina mama mliopo hapa, mtu wa namna ile sisi huku tunamwitaje? Si somo? Bi harusi anafundwa, ndio, lakini lini mmeona somo akamfunda mwali halafu akamwacha mlangoni kwa mume akarudi zake nyumbani? Somo anaingia nae. Anakaa nae fungate nzima, siku saba, anamwangalia, anamsikiliza, kitu kikienda kombo yupo pale pale. Wazee wetu walijua kwamba kufundwa ni kazi moja na kuanza maisha ni kazi nyengine, na hio ya pili ndo ngumu.

Sasa kwanini mtoto tunamfunda miezi sita, kubeba trei, kukata vitunguu, kupokea simu, halafu siku anayoanza kazi tunamwacha getini peke yake?

Nasema getini na namaanisha geti lenyewe. Kuna kijana alimaliza hapa miaka iliyopita, mtoto wa Makunduchi, jikoni hodari sana, kisu kikikaa mkononi unapenda kuangalia. Akachapisha CV, akaweka kwenye bahasha za kaki, akaanzia Jambiani mpaka Michamvi, pengine kwa mguu pengine kwa bodaboda. Kila hoteli anapokelewa na askari, askari anachukua bahasha, anamwambia tutakupigia. Akasubiri mwezi. Miezi miwili. Mimi nikaja kupita kwenye hoteli mojawapo kwa shughuli zangu, nasubiri kufunguliwa, naangalia kwenye kibanda cha askari, kuna chupa ya chai, na chini ya chupa kuna bahasha za kaki zimepangwa kama kikalio cha sufuria, na ya juu imeandikwa kwa mkono ninaoujua. Haikufunguliwa. Ina duara la chai katikati ya jina lake.

Yule askari hana kosa, hakuna aliyemwambia akizipata azipeleke kwa nani. Lakini yule kijana alishaamini kwamba hoteli kumi na kitu zimeisoma CV yake zikamkataa. Alishaenda pwani Paje kutembea na mapapasi, wale wanaowafuata wageni ufukweni, anatafuta mgeni wa kumpeleka kwenye boti. Na papasi ni mtu na anatafuta riziki, simdharau, ila huyu tulimfundisha jikoni, kipaji chake kiko jikoni.

Nafasi huku kwetu zinaendaje? Semeni ukweli mameneja. Shefu anaachwa na mtu Ijumaa, Ijumaa hio hio anampigia simu rafiki yake, una kijana? Jumapili kijana kashaingia. Tangazo halijaandikwa, CV haijasomwa. Kwahiyo mwenye mtu ndani anaingia, asie na mtu ndani anabaki getini, hata awe na cheti cha dhahabu. Basi sisi tukasema kama mambo yanakwenda kwa simu, hio simu ipigwe kwetu. Tukaacha kupeleka bahasha tukaanza kupeleka watu. Namwambia shefu, sikuombi kazi, nakuomba siku moja, huyu kijana aje asubuhi akukatie vitunguu na karoti, ukiona hafai mrudishe mchana. Tukampeleka yule wa Makunduchi. Shefu hakuangalia hata vitunguu sana, aliangalia ubao, akaona kila akimaliza kitu anafuta ubao na kisu kabla ya kugusa kingine. Akaniambia huyu aje kesho. Akaanza kuosha masufuria, akapandishwa kwenye saladi, na leo yuko kwenye moto, anapika.

Ndugu zangu, mwaka 2019 watalii walioingia Zanzibar walikuwa 538,264. Mwaka 2020 corona ikatushusha mpaka 260,644, sote tunakumbuka zile hoteli zilivyokuwa kimya, na wengi wetu tulirudishwa nyumbani bila kitu. Mwaka 2024 wamepita laki saba. Laki saba! Sasa mtoto wa Bwejuu aliyezaliwa akasikia ndege inapita juu kila siku, kwanini hoteli anaijua kwa ukuta wake tu?

Najua kuna maneno, nafasi zinachukuliwa na watu wa Bara na Wakenya. Nimeyasikia hata leo pale nje. Mimi nitasema ninavyoona. Kenya walifungua chuo chao cha Utalii Nairobi mwaka 1975, wakaweka na hoteli ya mafunzo humo humo ndani, mwanafunzi anasoma huku anahudumia mgeni wa kweli. Utalii wetu sisi umefunguka katikati ya miaka ya 80. Wenzetu wametutangulia, na wengi wametufundisha, aliyenifundisha mimi kona ya shuka ni mtu wa Tanga. Leo na sisi tunacho chuo cha Maruhubi chini ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, tuna vituo vya Mafunzo ya Amali Mwanakwerekwe, Mkokotoni, Makunduchi hapo, na Vitongoji kule Pemba. Pa kusomea pameongezeka. Tunapokosea ni pale katikati, kutoka darasani mpaka ndani ya geti. Hapo ndo watoto wanapotea.

Mameneja, sasa naongea na nyinyi, na naongea kama mwenzenu.

Tulikuwa na binti, darasa la juzi juzi, tulimpeleka fildi, yaani mafunzo kazini, miezi mitatu kwenye hoteli moja ya huku, siitaji. Logibuku yake, daftari la kuandika kazi za kila siku, imegawanywa, wiki za mapokezi, wiki za mgahawa, hauskipingi, dobi. Wiki ya saba nikaenda kumtembelea, nikafungua logibuku, kila siku imeandikwa kufuta korido. Jumatatu kufuta korido, Jumanne kufuta korido, kurasa kwa kurasa. Nauli ya daladala ya 309 anatoa mwenyewe. Chakula cha stafu hapewi kwa sababu yeye si stafu, lakini fagio anapewa kama stafu. Nikamuuliza mbona hukunipigia, akaniambia mwalimu niliogopa hawatonisainia.

Hivi kweli hayo ni mafunzo? Kama ni mwanao ungekubali?

Najua mnachoogopa. Unamfundisha mtu mpaka anaiva halafu hoteli ya jirani inamuongezea kidogo anaondoka. Nimekaa kwenye kiti hicho, imenitokea mara nyingi, inauma. Lakini hebu fikirini hesabu hii. Mtoto wa fildi mmekaa nae miezi mitatu, mmeona kama anawahi, mmeona mkono wake, mmeona akikaripiwa anafanyaje, mmemuona siku mgeni kakasirika. Hio ni intavyu ya siku 90. Halafu ikifika msimu mnamwambia kwaheri, mnaanza kutafuta upya watu hamuwajui hata sura! Huko Bara Chuo cha Taifa cha Utalii kimeendesha uanagenzi wa hoteli pamoja na ILO, Shirika la Kazi Duniani, mwanafunzi anagawa muda wake, chuoni na kazini, na kule kazini ana mtu wake wa kumfundisha. Mimi hilo la mwisho ndo nalilia. Nipeni jina la mtu. Mtoto wangu akiingia kwenu nijue somo wake pale ndani ni nani, awe dobi awe weita awe nani, mumtoe kwenye rosta nusu saa kwa siku akae na huyu mtoto, na mtoto ale chakula mnachokula nyinyi, na nauli mumrudishie. Sijaomba mshahara. Nimeomba nusu saa, sahani ya wali na nauli.

Na sisi chuo tulikuwa na kosa letu kubwa na lazima nilitaje mbele yenu. Zamani tulikuwa tunamaliza darasa mwisho wa mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu, masika hio inaingia! Hoteli zinapunguza watu, nyengine zinafunga kabisa mpaka Juni, na sisi ndo tunawatoa watoto na vyeti vyao, wanakwenda kugonga mageti yaliyofungwa. Wanakaa nyumbani wiki kumi mikono inasahau, moyo unavunjika, wengine hatukuwaona tena. Ilichukua miaka kuona kwamba kalenda ya chuo cha hoteli haiwezi kuwa ya skuli, lazima iwe ya upepo. Kaskazi likiwa limewaleta wageni, mwanafunzi awe fildi, aone hoteli imejaa, aone presha. Masika arudi darasani kumalizia. Kusi likianza kuvuma na watu wa kaiti, wale wanaoteleza baharini kwa tiara, wanajaa Paje, yeye yuko tayari kuajiriwa. Ndo mana mahafali ni leo, mwisho wa Mei, na haijapangwa hivyo kwa bahati.

Wazazi wangu.

Nna binti mmoja, mwanafunzi wetu, alipata kazi mgahawani, kazi nzuri, hoteli nzuri. Siku ya tisa hakuja. Simu imezimwa. Nikauliza nikaambiwa baba yake kamzuia. Shifti yake ilikuwa inaisha saa 5 usiku, daladala hakuna, anarudi kwa bodaboda, kijiji kinaona, kijiji kinasema. Tukaenda, mimi na sheha, na mkuu wa mgahawa mwenyewe alikubali kuja. Tukakaa barazani, ikaletwa kahawa. Mimi nilishajiandaa na maneno mengi, dini, heshima, riziki ya halali. Yule mzee akatusikiliza wote, halafu akauliza kitu kimoja. Mwanangu ikifika saa sita usiku hajarudi, nampigia nani?

Tukanyamaza. Hakuna aliyewahi kumpa namba. Siku tisa mtoto wake wa kike yuko mahali ambapo yeye hajawahi kuingia, na hana hata namba moja ya mtu wa pale. Tulikuwa tunamuona mzee mkaidi kumbe ni mzazi anaetaka namba ya simu.

Akapewa namba ya meneja wa zamu na ya kwangu. Binti akahamishiwa shifti ya asubuhi, ya chai, gari ya hoteli inamchukua saa 11 na nusu alfajiri njia panda. Ana miaka miwili kazini saivi. Na mdogo wake ni mmoja wa hawa 34, baba yao alimleta mwenyewe siku ya kuandikisha.

Tangu siku ile hatumpeleki mtoto yeyote kazini kabla mzazi hajaenda kuiona hoteli, mnaingia, mnakaa, mnaoneshwa mtoto atabadilisha nguo wapi, atakula wapi, atasali wapi. Na mzazi anaeniambia mwanangu hatobeba pombe, mimi simbishii wala simwambii kapitwa na wakati. Namwambia sawa mzee wangu. Kuna hauskipingi, kuna dobi, bekari, mapokezi, bustani, uhasibu, mafundi wa maji na umeme. Tunalisema mapema kwenye intavyu, kabla mtoto hajasimama na trei iliyojaa glasi asijue afanye nini. Meneja anaeambiwa mapema anapanga, nimeona wengi wakipanga. Ila na nyinyi wazee wangu naomba, mtoto akirudi na hoja ya kazini msimwambie acha tu. Tupigieni kwanza.

Wanangu.

Nyinyi nina kitu kimoja tu cha kuwaambia kuhusu kazi yenyewe, mengine mlishafundishwa. Mgeni akija akakwambia bomba la kuogea halitoi maji, usimwambie hakuna matata. Nimelisikia hilo kwenye hoteli zaidi ya mara mia. Mgeni ana sabuni kichwani, kwake matata yapo. Mwambie nimekusikia, naita fundi, narudi kwako baada ya dakika kumi. Halafu baada ya dakika kumi rudi kweli, hata kama fundi hajapatikana, rudi umwambie hajapatikana bado. Kule kurudi ndo kazi. Kiingereza chenu kitakua, Kitaliano mtakiokota kwa wageni, lakini mtu asierudi alikoahidi atarudi, huyo hatuna dawa yake.

Na mkataba uombeni, msione haya. Sheria ya ajira ya Zanzibar, namba 11 ya 2005, ipo kwa ajili yenu. Ulizeni kama mmeandikishwa ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar. Mkipata sevisi chaji ya Agosti na tipu zake, ikumbukeni Aprili, Aprili inakuja kila mwaka. Na mwezi wa kwanza utakuwa mgumu, mtavutiwa shuka, mtakaripiwa, miguu itavimba. Mkitaka kuacha, nipigieni kabla hamjaacha. Hata usiku. Namba yangu ya mchana na ya usiku ni moja.

Mwaka huu tumekubaliana na walimu wenzangu, hatuhesabu tena waliopata cheti. Tunahesabu walioko kazini mwezi wa tisa. Leo vyeti ni 34, lakini kwenye daftari langu hakuna alama hata moja bado.

Haya, matangazo kabla hamjaitwa majina. Jumatatu saa 12 kamili asubuhi gari itakuwa hapa nje ya skuli. Wanaokwenda Michamvi na Paje watashuka kwanza, mwalimu wenu wa mgahawa atakuwa nao. Shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vyeusi vilivyofunika vidole, kucha fupi, kitambulisho na nakala mbili za cheti. Wazazi mnaotaka kupanda gari, pandeni, nafasi zipo. Wale wanne wa Kizimkazi mtakwenda na mimi, na tutaingia getini pamoja, nimeshaongea na askari.